Mpe msomaji siri mapema: ninavyoandika hadithi ya taharuki

Kwa miaka sita nilikaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa, Mbagala Rangi Tatu. Jioni wateja wakipungua, niliandika hadithi za mfululizo kwenye kurasa za nyuma za daftari la miamala. Kila Jumatano nilipeleka sehemu moja, maneno kama 1,200, kwa gazeti moja la wiki. Vijana wanaotaka kuandika riwaya pendwa huniuliza waanzie wapi, nami huwaonyesha kwa mfano huu huu mmoja.

Zuhura ni wakala. Anafunga kibanda saa mbili usiku, na ndani ya kopo la maziwa ya unga ana shilingi 1,800,000. Anapanda bodaboda ya Mudi, kijana anayemrudisha nyumbani kila siku. Njiani Mudi anakata kona isiyo ya nyumbani.

Anayeanza kuandika huificha njama ya Mudi mpaka kwenye ile kona. Msomaji anashtuka, na mshtuko ukipita umepita. Sasa rudi nyuma nusu saa. Mwonyeshe Mudi akiwa kijiweni, anapokea simu, anasikiliza, anajibu, "Kopo nalijua." Kisha anawasha pikipiki kwenda kumchukua Zuhura. Kuanzia hapo kila kitu kinamuuma msomaji: Zuhura akihangaika na kufuli, akirudi ndani kuchukua kanga aliyoisahau, akimuuliza Mudi kama mtoto wake amepona homa. Kurasa nne za mambo ya kila siku zimejaa hofu, na hujafyatua hata risasi moja. Msomaji ana kitu ambacho Zuhura hana, anatamani kumpigia kelele, na hawezi.

Hili nililisikia kwa bibi yangu Pangani kabla sijajua kusoma. Alisimulia akiwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mwanzoni kabisa alitutajia kwamba bwana harusi ni zimwi. Kisha alitumia nazi nzima kueleza harusi: mkeka uliotandikwa, hina, udi, bibi harusi anavyocheka na mashoga zake. Sisi tulikuwa tumeshikana mikono. Nazi ikiisha na hadithi inakatwa hapo hapo, yeye huyoo anakwenda kuchuja tui.

Kwa hiyo toa jibu la "nini kitatokea", ubaki na jibu la "kwa nini". Msomaji ajue Mudi atamwibia Zuhura. Asijue nani alipiga ile simu, wala Mudi ameshikwa wapi hadi akubali. Ukificha yote mawili anachoka, maana hana pa kusimama. Ukitoa yote mawili, hadithi imeisha.

Lugha yetu yenyewe ni hazina kwa kazi hii, na inaniuma kuona inavyopuuzwa. Tazama: "Aliingia, akafunga mlango, akanawa mikono kwenye ndoo." Ni mwanamume au mwanamke? Sentensi haisemi, na haionekani kama inaficha. Unaweza kumtembeza muuaji sura kumi mbele ya macho ya watu bila kudanganya hata mara moja. Ila ukianza kuandika "yule mtu, yule mtu" kila mstari, umejifichua. Mwache awe "a-" tu, kama wahusika wengine. Na uache dalili za kweli, ili atakayerudi kusoma upya aone kwamba zilikuwepo.

Pima pia hizi mbili: "Aliondoka saa tisa. Hakurudi." na "Aliondoka saa tisa. Hajarudi." Ya kwanza imefunga kaburi. Ya pili imeacha taa ya barazani inawaka, kuna mtu bado anasubiri. Mimi hupitia kila sehemu nikitafuta "haku-" inayoweza kuwa "haja-". Kwenye purukushani tumia "-ka-": akaruka, akateleza, akainuka, akakimbia. Ukitaka kumtesa msomaji taratibu, rudi kwenye "-ki-": Mudi akiendesha, akipiga mluzi, akipunguza mwendo. Na neno "kumbe" nalibana sana, moja kwa sehemu nzima. Likizidi, msomaji analizoea.

Simu inawashinda wengi. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, simu ilikuwa kitu kilichofungwa kwa waya mahali pamoja. Leo mhusika wako anayo mfukoni, na msomaji anauliza kwa nini asipige kuomba msaada. Usimalize chaji ya betri, kila mtu ameshafanya hivyo. Ijue simu ya leo ilivyo. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Basi mtu asiyejulikana akimpigia Mudi, laini ile ina kidole cha mtu. Cha nani? Swali hilo peke yake linabeba riwaya. Mimi nilimfanya Zuhura apige *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lake, akakuta moja asiyoijua. Siku ya kusajili aliambiwa kidole hakijasoma, abonyeze tena. Akabonyeza tena.

Ndiyo maana nasema andika kazi unayoijua au uende ukaulize. Aliyejeruhiwa kwa kupigwa au kukatwa huweza kuulizwa hospitali fomu ya PF3 kutoka polisi. Mwizi wako mwenye jeraha la panga ana njia panda tayari, damu inatoka na daktari anaweza kuiuliza ile karatasi. Aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa ana saa 24 za kufikishwa mahakamani ambazo sheria imezitaja, na hiyo ni saa ya ukutani unayoweza kuitundika juu ya sura tano. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kwa hiyo anayemkimbiza mwenzake kwa basi hadi Morogoro lazima awe na sababu. Koplo, mkuu wa kituo, dereva wa bodaboda: wote watakueleza kazi zao ukiwanunulia chai na kunyamaza.

Sasa kukata sehemu, mahali lilipo neno ITAENDELEA. Mwanzoni nilikata kwa mlango kugongwa. Toleo lijalo mgongaji akawa jirani anaomba kiberiti. Nilifanya hivyo mara mbili. Mama aliyekaanga vitumbua pembeni ya kibanda changu alinirudishia gazeti, akasema, "Mwanangu, umenitisha bure mara mbili. Ya tatu sinunui." Nilisikia aibu, kwa sababu shilingi zake alizitoa kwenye sahani ya vitumbua.

Tangu siku hiyo hukata pale mhusika anapotakiwa kuchagua, na kila upande una hasara. Zuhura amenusurika, kopo limekwenda, na namba iliyompigia Mudi ni ile laini iliyosajiliwa kwa kidole chake mwenyewe. Akienda polisi, wa kwanza kushukiwa ni yeye. Asipokwenda, mwenye floti, yaani mtaji wa kibanda, anataka pesa yake kesho saa mbili asubuhi. Amesimama mbele ya kituo, taa inawaka, askari wa zamu amemwona. ITAENDELEA. Hapo hakuna aliyedanganywa, na wiki nzima watu wanabishana kwenye daladala afanye nini. Ukianza sehemu inayofuata, anza na hatua yake ya kwanza. Usirudie yaliyopita kwa aya tatu. Sentensi moja inatosha.

Nikimaliza huacha karatasi ilale siku mbili, kisha nasoma kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi hiyo naivunja.

Halafu nampelekea yule mama. Alfajiri, akiwa amepanga moto na mafuta yameanza kuchemka, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumsomea. Siangalii uso wake, naangalia kikaango. Akigeuza vitumbua kwa wakati, kuna mahali hadithi imelegea, natia alama ya penseli pembeni na kuendelea. Ile sehemu ya Zuhura mbele ya kituo aliunguza sita. Nikamlipa vyote, nikaenda kupeleka gazetini bila kubadilisha neno.