Kuanza maisha ya vegani Nairobi bila kuacha chai: hatua kwa hatua

Mwezi huu nimekuwa nikimsaidia binamu yangu anayekaa Umoja aache nyama, maziwa, mayai na kila kitu kinachotoka kwa mnyama. Maswali yake ni yale yale watu huniuliza kila mara, kwa hivyo wacha niyajibu yote hapa. Watu wengi hudhani nyama ndio itawasumbua, lakini kusema ukweli, na bei ya kilo ilivyo, wengi wetu hatuli nyama kila siku. Kinachorudisha watu nyuma ni chai. Asubuhi chai, saa nne kazini chai, jioni chai, mgeni akibisha chai, matangani chai, na yote ni ya maziwa. Ukishaweka chai sawa umemaliza nusu ya safari, so hiyo hatua nitaiandika kwa urefu na zingine nitapita haraka.

Hatua ya 1: Angalia sahani uliyonayo

Andika vile umekula wiki iliyopita. Githeri, ndengu na chapo, madondo na wali, ugali sukuma, viazi karai, nduma na ngwaci za asubuhi. Hiyo yote tayari ni vegani, ama inakuwa vegani ukitoa kitu kimoja tu. Anzia hapo. Tafadhali usianze na soseji za mimea za kutoka nje ya nchi, utamaliza pesa kwa wiki mbili kisha useme haya maisha ni ya matajiri. Na omena ni samaki, samaki ni mnyama, nasema hivi juu naulizwa kila wakati.

Hatua ya 2: Nafaka

Nunua kavu, kwa gorogoro. Ukiweza kufika Nyamakima nenda, maduka ya nafaka yamepangana pale na unaweza kulinganisha bei ukitembea tu. Kama ni mbali, soko la mtaa wako linatosha. Chukua ndengu, kamande, maharagwe ya aina moja unayopenda (mimi ni rosecoco), njahi kidogo, na soya kavu ya hatua inayofuata. Njugu karanga na simsim pia.

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja cha jikoni, nunua presha kuka. Sibishani na mtu hapa. Loweka maharagwe usiku, mwaga hayo maji, pika mengi mara moja, gawanya kwa vikebe uweke friza, wiki nzima unakaanga tu na nyanya na dania. Gesi itakaa. Kitu kimoja cha kuchunga: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoitwa lektini na lazima yachemke kabisa, maji yakitokota, angalau dakika 10. Wale wa kupika kwa kikapu kile cha kuhifadhi joto, chemsha kwanza kwa moto ndio uingize kwa kikapu, juu moto mdogo peke yake hauimalizi hiyo sumu na tumbo litakuuma vibaya.

Hatua ya 3: Chai

Kwanza niseme kwa nini naona hii ni muhimu kuliko hata nyama. Ng'ombe hutoa maziwa juu amezaa. Kwa mashamba mengi ya kufugia zizini, ndama jike anabaki na ndama dume anauzwa mapema juu hatakuja kukamuliwa. Mimi hilo ndilo lilinitoa kwa maziwa na sijaona sababu ya kurudi.

Sasa, njia rahisi ni chai ya strungi (chai kavu isiyo na maziwa) na tangawizi, na kuna watu wanaizoea wanasahau. Lakini kama wewe ni mtu wa chai nzito, strungi itakushinda siku ya tano, kwa hivyo unahitaji maziwa ya mimea ambayo yanaweza kuingia kwa chai ya moto bila kukatika. Hapa ndipo nimepoteza masaa mengi, soma polepole.

Maziwa ya pakiti ya supamaketi yapo, ya soya, ya lozi, ya shayiri (oats). Ni ghali na kwa familia ya watu watano inayokunywa chai mara tatu hayawezi. Tengeneza nyumbani. Nimejaribu karibu kila kitu na maoni yangu ni haya. Maziwa ya korosho ndio matamu zaidi na huhitaji hata kuchuja, lakini korosho hata zikitoka hapa tu Kilifi na Kwale bei yake ni ya sherehe, na ukizichemsha sana zinakuwa uji juu zina wanga. Shayiri inateleza mdomoni ikipata moto. Njugu karanga harufu yake inafunika majani. Tui la nazi ni zuri kwa wali na maharagwe, kwa chai linaelea mafuta juu, ingawa wenzetu wa Pwani wanaweza kunikatalia. Inabaki soya. Soya ni bei nafuu, protini yake inakaribiana na ya maziwa ya ng'ombe, na ukiijulia mgeni anaweza maliza kikombe bila kuuliza.

Shida za soya ni mbili: harufu ya maharagwe mabichi, na kukatika kwa chai.

Harufu hutokea wakati unasaga soya mbichi kwa maji baridi. Kuna kimeng'enya ndani ya soya ambacho kikikutana na maji na hewa kinaanza kuharibu mafuta yake, na ndio ile ladha watu wanachukia. Dawa ni moto kabla ya kusaga. Fanya hivi: loweka kikombe kimoja cha soya kavu usiku mzima, masaa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji, sugua kwa mikono ndani ya maji safi maganda yaelee uyatoe. Si lazima yatoke yote, lakini kadiri yanavyotoka maziwa yanakuwa laini. Kisha tumbukiza soya kwa maji ambayo TAYARI yanatokota, acha dakika 10, mwaga hayo maji. Usianze na maji baridi halafu upashe polepole, juu ukifanya hivyo unakipa kile kimeng'enya muda wa kufanya kazi yake.

Sasa saga na vikombe vitano au sita vya maji safi. Mapishi mengi yanasema vikombe vinane, hayo ni maziwa ya kunywa tu, kwa chai yatakuwa maji maji. Saga kidogo kidogo, usijaze jagi ya blenda, na kama soya bado ina moto acha mfuniko nafasi ya mvuke utoke, usije ukaruka. Saga dakika mbili tatu mpaka ukishika katikati ya vidole usisikie chenga. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kile kichujio cha majani chai hakitoshi, kina matundu makubwa. Kamua kwa nguvu. Machicha usitupe, changanya kwa unga wa chapati ama kaanga na kitunguu, karoti na dania utengeneze kababu.

Bado hujamaliza. Hayo maziwa lazima yachemke tena dakika 20 kwa moto mdogo, juu soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini na ni moto ndio unavipunguza. Tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Soya hutoa povu mapema sana, kabla hata haijachemka vizuri, inapanda na kumwagika kwa jiko, kwa hivyo mtu anaona povu anadhani imeiva anazima. Haijaiva. Punguza moto, koroga, toa povu na kijiko, anza kuhesabu dakika 20 kutoka hapo. Usiondoke jikoni.

Sasa kukatika. Chai yetu sisi hupikwa yote pamoja kwa sufuria moja, maji, maziwa, majani, tangawizi, inachemka mpaka inapanda. Kwa soya usifanye hivyo. Majani yana asidi kidogo, na asidi pamoja na moto mkali ndio inafanya protini ya soya kushikana vipande vipande. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake kinachogandisha hata maziwa ya ng'ombe kama haijachemka. Kwa hivyo:

Chemsha maji na tangawizi kwanza, dakika tano kamili, kisha majani na sukari. Fanya iwe nzito kuliko kawaida. Ipua, chuja. Kwa sufuria nyingine pasha maziwa ya soya yawe moto lakini yasitokote. Halafu mimina CHAI NDANI YA MAZIWA, polepole, ukikoroga. Kinyume chake, maziwa ndani ya chai, tone la kwanza linakutana na asidi yote peke yake na linakatika hapo hapo. Ukishachanganya usirudishe kwa moto ichemke tena, ingiza kwa thamosi moja kwa moja. Na usiweke ndimu, hiyo nadhani iko wazi.

Kama umefuata yote na bado inakatika, angalia umri wa maziwa. Kwa friji hukaa siku tatu hivi, baada ya hapo yanaanza kuchacha hata kabla hujasikia harufu, na chai ndiyo hukuambia kwanza. Kama huna friji tengeneza ya siku hiyo tu, nusu kikombe cha soya kinatosha watu wawili.

Mambo matatu kabla sijatoka hapa. Maziwa haya ya nyumbani hayana kalsiamu nyingi kama ya ng'ombe ama ya pakiti iliyoongezewa, kwa hivyo kalsiamu itafute kwa sukuma wiki na simsim. Terere na spinachi zina kalsiamu pia lakini mwili hauipati vizuri, sukuma ndio bora. Pili, si chakula cha mtoto mchanga, usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja badala ya maziwa ya mama au ya kopo. Tatu, chai yoyote, hata strungi, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharagwe na mboga. Kunywa saa moja mbali na chakula. Na kwa chakula chenyewe kamulia ndimu ama kula chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Wanawake hasa, zingatieni hii.

Hatua ya 4: Vitamini B12

Hii haina majadiliano. B12 hutengenezwa na bakteria na kwa chakula chetu cha mimea haipatikani kwa njia ya kutegemea. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 hivi kwa siku. Kwa kuwa mwili hauchukui yote ya kidonge, chukua chenye angalau 10 kila siku, ama 2000 mara moja kwa wiki. Mwili huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndio maana mtu anakaa bila kumeza anajiona sawa, halafu mikono na miguu inaanza ganzi, anachoka, anasahau. Mishipa ya fahamu ikiharibika sana hairudi yote.

Kwa kemisti uliza B12 peke yake. Wengi watakupa vile vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12 pamoja, soma pakiti, juu B6 nyingi ikimezwa miezi na miezi inaweza kuumiza mishipa ile ile unayojaribu kulinda. Na spirulina, ule mwani flamingo hula kwa maziwa (lakes) yetu ya Bonde la Ufa, haihesabiki, B12 yake nyingi si ile mwili wa binadamu unaweza tumia. Mama mjamzito ama anayenyonyesha, ongea na daktari kwanza.

Hatua ya 5: Kula nje

Kibandani uliza maswali matatu: mmeweka supu ya nyama? Managu imepikwa na maziwa? Mandazi ina mayai ama maziwa? Mboga za kienyeji kama managu, saga na kunde ndizo hunishika, juu wapishi wengi huzilainisha na maziwa ama krimu na huwezi jua kwa macho. Ukienda kwa mama mmoja kila siku atakuzoea na atakutolea yako kabla hajamwaga maziwa. Mikahawa ya Kihindi ya Parklands na Ngara isiyouza nyama ni mizuri lakini hutumia samli na paniri (jibini yao), sema mapema. Chaguo langu ni Wahabeshi: Waothodoksi wao hufunga Jumatano na Ijumaa bila nyama, maziwa wala mayai, kwa hivyo mikahawa yao ya Kilimani na Hurlingham huwa na chakula cha mfungo. Agiza beyainetu (sahani ya mchanganyiko), utaletewa injera, ile chapati yao laini ya kuchacha, na shiro (mchuzi wa unga wa dengu), misiri (kamande), kabeji na mboga zingine, mnakula watu wawili mnashiba.

Hatua ya 6: Ushago na sherehe

Usingoje kufika ndio useme. Shosho akishachinja kuku kwa ajili yako tayari ni kuchelewa kwa kuku na kwa shosho. Piga simu wiki moja mbele, ongea na mtu mmoja anayesikizwa jikoni, kwa kawaida shangazi, umwambie hivi: "Shangazi, mimi siku hizi sili nyama wala maziwa, nitakuja na ndengu zangu nipikie watu wote." Hayo maneno ya mwisho ni muhimu sana. Mtu anayekataa chakula anaonekana ana maringo, mtu anayeleta sufuria kubwa ya kulisha nyumba anaonekana ni mtoto wa nyumba. Kwa ruracio (sherehe ya mahari) na harusi usitoe hotuba mbele ya mbuzi wa watu. Chukua wali, kabeji, chapo, kaa na wenzako, anayetaka kujua atakuuliza, na hapo mwambie ukweli wako wote bila kuona haya.

Viatu na mishipi ya ngozi uliyonayo vaa mpaka iishe, hakuna mnyama anaokolewa ukivitupa. Ukinunua vingine nunua vya turubai ama raba. Asali acha, weka sukari nguru.