Programu ya kituo cha karafuu: iwe ndogo, isipoteze hata gramu

Kituo kidogo cha kununulia karafuu Pemba kinahitaji programu ya kazi tatu tu: kuandika uzito, kupiga hesabu ya malipo, kutoa risiti. Kompyuta moja na faili moja la SQLite (hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja) vinatosha. Seva ya mbali iache mpaka vituo viwe vingi, maana mkulima aliyekwishashusha magunia hawezi kuambiwa asubiri mtandao urudi.

Anza na namba. Uzito uhifadhi kwa gramu na fedha kwa shilingi, zote namba kamili. Desimali za kompyuta si za kuaminika kwenye fedha: 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Kilo 37.4 iandikwe gramu 37,400. Bei ikiwa, tuseme, shilingi 15,000 kwa kilo, zidisha kwanza ndipo ugawe kwa 1,000, utapata 561,000. Ukitanguliza kugawa, zile gramu 400 zinakatwa, jibu linakuwa 555,000 na mkulima kapunjwa shilingi 6,000 bila mtu kukusudia.

Umeme utakatika, tena katikati ya kazi. Kwa hiyo uzito na malipo viingie kwenye muamala mmoja, kati ya BEGIN na COMMIT: ama vyote viandikwe, ama kisiandikwe chochote. Risiti ichapwe baada ya COMMIT. Ukitumia hali ya WAL, ambapo SQLite huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, weka synchronous (mpangilio wa lini data isukumwe diskini) iwe FULL. NORMAL ina kasi zaidi, lakini umeme ukikatika inaweza kupoteza miamala ya mwisho, na risiti zake ziko mikononi mwa watu.

Printa ikichelewa, karani atabonyeza tena. Kumkanya hakusaidii kitu. Namba ya risiti itengenezwe pale fomu inapofunguliwa, na safu yake iwe UNIQUE, yaani namba isijirudie. Mbonyezo wa pili utakataliwa na hifadhidata yenyewe, nawe umwonyeshe risiti ile ile ya mwanzo.

Halafu ingiza mkulima wa Ng'ombeni, Mkoani. Kama unaunga maandishi ya karani moja kwa moja kwenye amri ya SQL (lugha ya kuiamuru hifadhidata), itatoka hivi:

shehia = 'Ng'ombeni'

SQLite itaona jina limeishia kwenye Ng, na yaliyobaki haiyaelewi, basi inagoma. Wengi hapo hufuta ritifaa (ile alama ya ') wakaona wamemaliza. Wameharibu jina la watu, na tundu lipo pale pale kwenye kila sehemu waliyoisahau: mwenye nia mbaya akiandika ' OR 1=1 -- atafunguliwa rekodi zote. Weka alama ya ? ndani ya amri, na alichoandika karani ukipeleke pembeni, kama thamani. Fanya hivyo kila mahali, hata pale unapodhani hakuna hatari.

Saa asiandike karani. Saa 2 asubuhi yake ni 08:00 ya kompyuta, na makosa ya saa sita ni magumu kuyagundua baadaye. Programu ichukue saa yenyewe, ihifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa), ionyeshe kwa kuongeza saa 3. Betri ya saa ikifa, kompyuta inaweza kurudi miaka nyuma. Tarehe iliyo kabla ya rekodi ya mwisho ikataliwe.

Kila karani awe na akaunti yake, na nywila zipitishwe kwenye Argon2id au bcrypt, njia za kuzificha zisisomeke. Asiwepo wa kufuta rekodi: kosa lisahihishwe kwa mstari mpya unaoutengua wa zamani, ukiwa na jina la aliyeuandika.

Jioni toa nakala kwa VACUUM INTO, amri ya SQLite inayoandika nakala kamili kwenye faili jipya. Usinakili faili hivi hivi wakati programu inaandika. Ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine, endesha PRAGMA integrity_check (hukagua kama faili ni zima), kisha jumlisha gramu za siku. Zisipolingana na daftari la mizani, nakala ya jana usiiguse mpaka ujue tofauti imetoka wapi.