Kusimamia tope la kuchorongea kwenye mwamba wa moto: Uvinza (Kigoma) na kandokando

Tope la kuchorongea ni maji yaliyochanganywa na udongo, yanayosukumwa na pampu hadi chini ya kisima na kurudi juu yakibeba vipande vya mwamba na joto. Kosa linaloweza kuharibu kisima cha jotoardhi ni kudhani kwamba tope zito ndilo salama. Tope zito hubeba vizuri vipande vya mwamba, lakini hupita polepole na kwa utulivu, kwa hiyo halichukui joto la kutosha. Linalofaa ni tope jepesi kiasi, linalokwenda kasi.

Anza na maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa kila mita ya ujazo tia soda ashi (kabonati ya sodiamu) kilo 0.5 hadi 1 kwanza, ndipo umwage bentonaiti (udongo laini unaovimba majini) kilo 50 kidogo kidogo huku pampu ikikoroga. Acha ilale usiku kucha. Ukiitumia baada ya saa moja, chembe zitaendelea kuvimba ndani ya kisima, na mnato (ugumu wa kutiririka) utapanda bila wewe kujua.

Pima mnato kwa faneli ya Marsh, ambayo huonyesha tope linachukua sekunde ngapi kutoka: maji matupu hutoka mililita 946 kwa sekunde 26. Tope lako litumie sekunde 35 hadi 45. Lita moja iwe na uzito wa kilo 1.03 hadi 1.05, ikipita 1.15, mchanga umebaki humo, basi safisha machujio na shimo la kutulizia kabla ya kuongeza maji.

Hesabu ya mtiririko: shimo la milimita 200 lenye bomba la milimita 89 ndani yake linahitaji takriban lita 750 kwa dakika ili tope lipande mita 0.5 kwa sekunde. Likirudi likiwa na nyuzi 6 zaidi ya lilivyoshuka, limeleta juu joto la takriban kilowati 300. Dimbwi dogo haliwezi kupoza hilo. Tengeneza madimbwi mawili au mnara wa kupozea. Weka vipimajoto viwili, kimoja kwenye tope linaloshuka na kingine kwenye linalorudi, usome kila dakika 15. Tofauti ikiruka ghafla, umegusa ufa wa maji moto. Kumbuka pia kuwa Kigoma maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100.

Sasa chumvi. Chemchemi za Uvinza zinajulikana kwa maji yake ya chumvi, na yakiingia kwenye tope, bentonaiti hugandana: muda wa faneli hupanda kutoka sekunde 38 hadi 60 na zaidi, maji yanajitenga juu. Wengi huongeza soda ashi. Haisaidii, soda ashi huondoa kalsiamu, haiondoi chumvi. Bentonaiti kavu nayo haivimbi ndani ya maji hayo. Punguza kwa maji safi, ongeza bentonaiti iliyokwisha kulala usiku, au hamia kwenye polima (kemikali ya kuongeza mnato) au atapulgaiti, aina nyingine ya udongo inayofanya kazi hata kwenye chumvi.

Pampu ikisimama, tope lililo chini huzidi kupata moto na kuganda. Kabla ya kuwasha tena, zungusha bomba kwanza, halafu pandisha pampu taratibu kwa dakika kadhaa. Ukiifungua yote kwa mara moja, shinikizo litapasua ukuta wa kisima, na tope halitarudi.