Picha ya shule majuu: nguo ya mtoto iandae ukiwa bado Dar

Ikifika mwezi wa tisa tu simu zinaanza, dada naomba kashati ka kitenge haraka shuleni kwao wanapiga picha alhamisi, sasa fundi yuko Tabata mtoto yuko Minnesota, hiyo alhamisi tunafikaje? Marekani shule nyingi zinapiga picha Septemba na Oktoba, kwahiyo mkija likizo ya Juni mpaka Agosti malizeni hapa hapa, mtoto asimame mwenyewe mbele ya fundi apimwe. Nyie wa Uingereza haiwahusu sana, watoto wenu wengi wanapigwa picha wakiwa na sare, hangaikeni na nywele na kola basi.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba ile picha ya mtoto mmoja mmoja kwa kawaida inaanzia kifuani kwenda juu. Gauni la marinda mpaka miguuni umelipia bure, chini hata akivaa kaptula ya kuchezea hakuna atakayejua (ya darasa zima ndo inaweza kuonyesha mpaka viatu). Hela yako iweke kwenye kola, mabega na kifua.

Vitenge nenda Kariakoo, pita Mtaa wa Uhuru asubuhi kabla jua halijakuchosha, na usidanganyike na maua makubwa. Lile ua la feni au ndege mkubwa linapendeza kwa mama mtu mzima anayetembea, kwa mtoto wa miaka sita kwenye picha utaona bawa moja tu limekatikia begani. Chukua ua dogo dogo, au shati la rangi moja afu kitenge kiwe kwenye kola na mfuko tu, mi hii ndo naipenda kuliko zote. Kijani cha kukolea achana nacho kabisa, maana kuna wapiga picha wanaweka pazia la kijani nyuma afu kompyuta inatoa kijani chote na kuweka mandhari nyingine, mtoto anabaki kichwa kinaelea. Nyeupe tupu nayo kwa watoto wetu weusi mara nyingine inakula mwanga wote, uso unatoka giza.

Kabla hujampelekea fundi kitambaa kiloweke, kifue, kianike. Vipo vinavyorudi na vipo vinavyochuja, bora ujue mapema kuliko shati lije kubana kwenye mashine ya kukaushia huko kwenu.

Fundi sasa. Mafundi wetu wakisikia mtoto wanashona kubwa, "atakua tu mama", na bega linashukia kwenye kiwiko. Mwambie nafasi ya kukua aiweke kwenye upindo wa chini na kwenye mikono, bega na shingo vikae sawasawa. Na siku ya kuchukua mpe ya wiki nzima kabla ya safari, njoo kesho za mafundi tunazijua wote. Desemba usijaribu bila kuwahi, wamezidiwa na nguo za Krismasi na harusi.

Kama hamji na mnaagizia huku, msitume umri wa mtoto, umri haushoni nguo. Chukua shati linalomkaa vizuri, lilaze mezani, weka futi ya kupimia juu yake, piga picha bega kwa bega, kifua, urefu na mkono, tuma whatsapp. Afu tafuta mtu anayesafiri mwenye nafasi kwenye begi, maana kusafirisha kwa ndege kashati kamoja gharama inaweza kuzidi kitambaa na fundi kwa pamoja.

Nywele msisuke usiku wa kuamkia picha. Twende kilioni iliyokazwa inatoa vipele pembeni ya uso na macho yanavutika, suka siku mbili tatu kabla zilegee kidogo. Na yale mafuta ya mgando jamani! Tunawapaka watoto mpaka wanawaka, flashi ikipiga paji la uso linang'aa kama bati jipya. Paka kidogo, futa na kitambaa. Wa mtandio au kofia ya dini, shule inaweza kuwa na sheria ya kutovaa kofia siku hiyo, kwahiyo mwandikie mwalimu mapema kwamba hiyo ni ya dini ili mtoto asije akavuliwa bila wewe kujua.

Muulize na mwenyewe kama anataka kitenge. Wapo wanaoona aibu mbele ya wenzao, ukimlazimisha ndo ile sura iliyonuna inakaa kwenye kitabu cha shule mwaka mzima, bora shati la kawaida na anacheka. Siku yenyewe avae fulana juu mpaka zamu yake ifike, maana wengine wanapigwa picha baada ya kula. Ikitoka vibaya kwa kawaida kuna siku ya kurudia, uliza ofisini.

Ile bahasha ya oda (ya kuagizia picha) isikutishe, chukua kifurushi kidogo chenye picha ya kidijitali. Ya bibi itume whatsapp kama dokumenti, usiitume kama picha ya kawaida maana inapunguzwa ubora, sie tutaisafisha huku na fremu tutanunua Kariakoo.