Kufufua Pikapu ya Land Rover Series III Nyumbani

Land Rover Series III iliundwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na baadhi ya zile zilizotumika Afrika Mashariki ziliunganishwa katika kiwanda cha Thika, Kenya. Pikapu zake ndefu, zile za inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, bado zinaonekana zimeegeshwa chini ya miembe, nyuma ya karakana za misheni na katika mashamba makubwa, nyingi zikiwa hazijawashwa kwa miaka mingi. Anayezitazama kwa mara ya kwanza huvutiwa na bodi, kwa kuwa bodi hiyo ni ya aloi ya alumini na hailiwi na kutu kama bati la kawaida. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Chini ya alumini hiyo nzima kuna chasisi ya chuma, na chasisi inaweza kuwa imeoza kwa ndani huku mlango ukiwa bado unang'aa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia chini na kupanda juu, na rangi, ambayo watu wengi hupenda kuanza nayo, tutaifikia karibu na mwisho.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Vaa nguo za kazi, chukua nyundo ndogo na bisibisi imara, kisha ulale chini ya gari. Chasisi ya Series III imeundwa kwa bati za chuma zenye unene wa takriban milimita 2, zilizochomelewa pamoja kuwa mhimili wa umbo la sanduku wenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo na, tundu za kutolea maji zikiziba, hukaa. Gonga kwa nyundo kila baada ya sentimita chache: chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi, ilhali chuma kilichooza hutoa sauti nzito, iliyozimika, na pengine magamba ya kutu husikika yakidondoka ndani. Penye shaka sukuma bisibisi kwa nguvu. Muuzaji akikataza jambo hilo, amekwisha kukupa jibu. Kagua zaidi mhimili wa mwisho wa nyuma, mikono ya chasisi inayobeba bodi pembeni, na mahali springi zinapofungwa. Usidanganywe na lami nyeusi iliyopakwa upya.

Baada ya chasisi, tazama ukuta unaotenga injini na kebini. Ukuta huu ni wa chuma, si alumini, na huoza sehemu za kuwekea miguu, kwenye nguzo zinazoshika bawaba za milango, na katika pembe za juu chini ya kioo. Kuuziba ni kazi ngumu kuliko kuziba chasisi, kwa kuwa milango, usukani na kioo vyote vinautegemea. Pikapu yenye injini iliyokufa lakini ukuta mzima na chasisi nzima ni bora kuliko ile inayowaka kwa mguso mmoja huku sakafu yake ikionyesha ardhi.

Namba ya chasisi hugongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia. Isugue kwa brashi ya waya na uilinganishe na kadi ya gari kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ukija kubadilisha injini au rangi, mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa, Tanzania kwa TRA (Mamlaka ya Mapato) na Kenya kwa NTSA (Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani).

Kufungua gari

Nati na bolti nyingi za gari hili ni za vipimo vya inchi, kwa hiyo spana za milimita zitazimega pembe. Tafuta seti ya inchi, hasa 7/16, 1/2 na 9/16. Loweka bolti zote kwa mafuta ya kulegezea kutu siku kadhaa kabla, ukirudia kila jioni. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa njia za waya na mabomba ya breki, na kila kundi la bolti liwekwe katika kopo lake lenye maandishi. Usitupe kipande chochote hata kama kimeoza, maana fundi wa kuchonga vyuma atakihitaji kuwa kiolezo.

Kuna hatari moja ambayo mgeni wa magari haya huwa haijui. Handibreki ya Series III haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka giaboksi kwenda difu ya nyuma, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu hilo lizunguke na lile lililo chini lizunguke pia, na gari litabingirika ingawa handibreki imevutwa hadi mwisho. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Stendi za chuma zilizo imara si za hiari. Tangi la petroli liondolewe mapema na liwekwe mbali na karakana, wala lisichomelewe kamwe, hata kama limekauka mwaka mzima, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unatosha kulipuka.

Chasisi na ukuta

Kabla ya kukata kitu chochote, hakikisha fremu haijapinda. Pima kwa futi ya utepe kutoka kishikio cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vinapaswa kulingana. Iwapo unakata nguzo za ukuta wa mbele, chomelea kwanza vyuma vya muda vya kuzishikilia pamoja, la sivyo milango haitafunga tena.

Kutu ikatwe hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote. Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu kitaonekana kizuri kwa msimu mmoja wa mvua, kisha kitang'oka pamoja na kilichokishikilia. Mashine ya kuchomelea inayotumia gesi na waya ndiyo inayofaa zaidi kwa bati la milimita 2. Ile ya vijiti huhitaji mkono uliozoea, kwa sababu hutoboa haraka. Chomelea kwa vipande vifupi, ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisipinde fremu, na kabla ya kuanza ondoa nyaya za betri na alternata.

Zibua tundu zote za kutolea maji, sugua, paka praima yenye zinki, kisha rangi ya chasisi. Ndani ya sanduku la chasisi, ambako brashi haifiki, pulizia nta ya kuzuia kutu kwa bomba refu jembamba. Mafundi wengi hutumia oili chafu, na ni kweli kwamba inasaidia kuliko kuacha patupu, lakini inatiririka, inachafua ardhi na inaharibu mipira ya springi. Mwenye uwezo wa kununua nta anunue nta.

Mahali chuma na alumini zinapogusana panahitaji uangalifu wa pekee. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu wenye chumvi, hufanyika mkondo mdogo wa umeme na alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha unga mweupe na mapengo yanayozunguka kila bolti. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar lina unga huo karibu kila kona. Dawa yake ni kuzitenganisha: paka praima pande zote mbili, weka ukanda wa mpira au plastiki katikati, na bolti zipakwe grisi. Watu hupenda bolti za chuma kisichoshika kutu kwa kuwa zinapendeza, ila ndani ya alumini, hasa pwani, huharakisha ulaji huo. Zilizopakwa zinki ndizo zinazofaa.

Springi na breki

Fungua mafungu ya springi, tenganisha jani na jani, sugua kutu, paka grisi, na ubadilishe mipira yote. Zingatia kwamba springi ya upande wa dereva hutofautiana kidogo na ya upande wa pili, kwa hiyo zitie alama. Bolti za mipira zisikazwe hadi mwisho gari likiwa hewani. Shusha gari likalie magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikaza mapema, mipira itakuwa imejipinda muda wote na itakatika upesi.

Katika breki usibane matumizi. Mabomba yote ya chuma, mipira ya breki, silinda za magurudumu na masta silinda vibadilishwe au vifanyiwe ovaholi kwa seti mpya za sili. Brekishuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lililo ndani ya ngoma lisipulizwe kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe kikiwa bado kibichi. Ukimaliza kufunga, kaza virekebishi hadi shuu ziguse ngoma, kisha toa hewa iliyo ndani ya mafuta ya breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani, kwa gari la usukani wa kulia, la nyuma kushoto. Pedali ikiendelea kuwa laini baada ya hewa kuisha, tafuta uvujaji badala ya kuizoea. Legeza tena virekebishi hadi magurudumu yazunguke bila kukwama.

Injini na umeme

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni rahisi na inavumilia mengi. Kama imelala miaka, usikimbilie stata. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache usiku kucha, halafu izungushe polepole kwa hendeli ya mkono inayopita kwenye tundu la mbele. Ikizunguka vizuri, badilisha oili na filta, kisha uizungushe kwa stata plagi zikiwa bado nje, hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kurekebisha.

Nafasi ya pointi (viunganishi vinavyokata na kuunga umeme wa plagi) ndani ya distributa ni milimita 0.35 hadi 0.40, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, silinda namba moja ikiwa ile ya karibu na rejeta. Nafasi ya valvu zote nane ni milimita 0.25, na kuna kanuni inayorahisisha kazi: hesabu ya valvu mbili ijumlishwe kuwa tisa. Valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa unarekebisha ya 8; ya 2 ikifunguka, ya 7; ya 3, ya 6; ya 4, ya 5, na kinyume chake. Kama hedi imefunguliwa, mpelekee fundi wa kuchonga akague viti vya valvu za ekzosi, maana injini nyingi za umri huu ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, iliyovilinda viti hivyo, na petroli hiyo iliondolewa sokoni katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Viti vigumu vikiwekwa mara moja, huhitaji kurudi tena.

Matatizo mengi ya taa katika gari hili hayatoki kwenye balbu wala fyuzi bali kwenye ardhi ya umeme, yaani njia ya mkondo kurudi betri kupitia bodi na chasisi. Alumini iliyooksidika na rangi mpya juu yake haziupitishi mkondo. Kwangua rangi chini ya kila kiungo cha waya mweusi, kaza, paka grisi, na uweke waya mnene kutoka injini hadi chasisi. Ukifanya hivyo kwa utaratibu, utaepuka wiki nzima ya kufuata nyaya.

Bodi na rangi

Alumini iliyobonyea huwa ngumu zaidi kadiri inavyogongwa, hatimaye hupasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, lakini tofauti na chuma, haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka chini kidogo ya nyuzi 660 za Selsiasi, na asiyejua huona shimo ghafla. Mafundi hutumia sabuni ya mche: sugua sabuni kavu juu ya sehemu iliyobonyea, pitisha moto wa gesi polepole ukiuhamisha daima, na mara tu alama ya sabuni inapogeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, ondoa moto. Iache ipoe, kisha igonge kwa nyundo ya mpira au mbao ukiwa umeweka mfuko wa mchanga nyuma yake. Utaihisi imelegea chini ya nyundo. Ikianza kugoma, rudia sabuni na moto.

Rangi haishiki alumini tupu. Sugua kwa msasa laini, safisha mafuta yote, na utumie praima maalumu ya alumini inayong'ata uso wake, ndipo praima ya kawaida na rangi zifuate. Rangi za kuchanganya na dawa ya kuzigandisha zina kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haisaidii chochote; bila kifaa cha kupumulia hewa safi, mpe kazi hiyo mwenye chumba cha kupakia rangi. Viti na mazulia fundi wa mtaani atashona kwa siku chache.

Safari ya kwanza iwe mahali tambarare pasipo na magari, kwa mwendo wa kutembea, ukijaribu breki kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya kilomita chache simama na uguse kila ngoma kwa tahadhari: iliyo moto kuliko wenzake ina shuu iliyobanwa au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Kaza tena nati za magurudumu na bolti za springi zenye umbo la U baada ya kilomita 100 hivi, rudia kukaza hedi na kupima valvu kama hedi ilifunguliwa, na ufikapo kilomita 500 mwaga oili yote ya injini, hata kama bado inaonekana safi, kwa kuwa imebeba chembe za chuma za sehemu mpya zinazozoeana.