Kupima na kuimarisha springi za shokapu za mbele kwenye pikipiki iliyotumika

Pikipiki iliyokwisha kufanya kazi ya bodaboda, iwe Boxer au TVS, huwa na ugonjwa mmoja mbele: ukishika breki pua inazama, ukiingia shimoni unasikia mgongano hadi kwenye viganja. Wengi hukimbilia kumimina oili ya injini kwenye shokapu au kuongeza wosha juu ya springi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya springi yenyewe iwe ngumu. Oili hupunguza kasi ya shokapu, wosha huongeza mbano wa mwanzo (kiasi springi inavyokuwa imebanwa kabla ya kubeba uzito wowote), na ugumu wa springi unabaki ulivyokuwa. Ndiyo maana nakuomba upime kabla hujanunua chochote.

Andaa venia (kipimo cha kubana chenye kusoma sehemu za milimita), futi, mizani ya kupimia uzito wa mtu, kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya, soketi, na oili mpya ya shokapu ya 10W au ile iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni springi

Shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, angalia beringi za shingo ya usukani kwanza. Kagua pia mabomba yanayong'aa ya shokapu. Kama yana kutu yenye vishimo pale sili inapopita, sili mpya itavuja tena muda si mrefu, na springi nzuri haitasaidia kitu. Bomba lililopinda nalo libadilishwe.

Hatua ya 2: Pima inazama kiasi gani

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani. Pima kutoka juu ya sili hadi chini ya bano linaloshika bomba. Andika.

Sasa ishushe chini, dereva apande na kofia yake ya kazi, mwenzako aishike isimame wima. Kandamiza mbele kisha iachie ipande polepole, pima. Inyanyue kidogo kisha iachie ishuke polepole, pima tena. Vipimo hivi viwili havitalingana kwa sababu ya msuguano wa sili, kwa hiyo chukua wastani. Toa wastani huo kwenye kipimo cha kwanza, utapata kiasi inachozama na dereva. Rudia bila dereva.

Lenga robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu, yaani umbali wote inaoweza kuzama hadi kikomo. Kama mwendo wote ni milimita 120, basi 30 hadi 40 akiwa amepanda dereva. Abiria usimhesabu hapa, maana uzito wake mwingi unaangukia nyuma.

Kipimo kisicho na dereva ndicho kinachokufunulia siri ya mwenye pikipiki aliyetangulia. Ikiwa yenyewe haizami karibu chochote, lakini dereva akipanda inazama kupita kiasi, springi ni laini na kuna mtu aliyeibana kwa wosha.

Hatua ya 3: Toa springi

Nyanyua mbele kwa jeki chini ya injini, gurudumu lisibebe uzito. Legeza kwanza bolti ya bano la juu inayobana bomba, ndipo ufungue kofia ya shokapu. Springi iko chini ya mbano: kandamiza kofia kwa mkono unapomaliza nyuzi za mwisho, na uso wako usiwe juu yake. Fanya upande mmoja mmoja. Vitu vyote vilivyotoka vipange kwa mfuatano wake, vipande vya bomba na wosha vikiwemo.

Hatua ya 4: Itambue springi uliyonayo

Simamisha zote mbili pamoja mezani. Zikipishana urefu, moja imechoka au si ya jozi hiyo. Angalia pia nafasi kati ya mizunguko. Ikilingana kuanzia juu hadi chini, ugumu wake ni mmoja. Mizunguko ikisongamana upande mmoja, springi huanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa.

Kisha pima unene wa waya kwa venia, sehemu tatu, ukiwa umefuta oili na kutu. Hapa usikisie. Kanuni ya ugumu ni hii:

79,000 × (unene wa waya × unene × unene × unene) ÷ (8 × mizunguko inayofanya kazi × kipenyo cha kati × kipenyo cha kati × kipenyo cha kati)

Kipenyo cha kati ni kipenyo cha nje ukitoa unene wa waya. Mizunguko inayofanya kazi ni yote ukitoa ile ya ncha iliyolala bapa, kwa kawaida mmoja kila upande. Vipimo vyote viwe milimita, jibu litakuwa nyutoni kwa milimita. Chukua springi ya waya milimita 4, kipenyo cha nje 22, mizunguko 60 inayofanya kazi: unapata 7.2, sawa na kilo 0.74 kwa kila milimita. Sasa weka waya wa 3.8, mengine yote yabaki vilevile. Inashuka hadi 5.7. Sehemu mbili za kumi za milimita, ambazo jicho halizioni, zimeondoa tano moja ya ugumu wote. Kwa hiyo muuza spea akikuambia "zote ni zilezile," toa venia.

Hakiki kwa mizani: isimamishe springi juu yake, ndani pitisha fimbo iliyo fupi kuliko springi kwa zaidi ya milimita 20 ili springi isipinde, ikandamize milimita 20 kwa drili ya meza au jeki. Springi ya mfano wetu itasoma karibu kilo 15.

Hatua ya 5: Chagua tiba

Bora ni jozi mpya yenye ugumu zaidi kwa asilimia 10 hadi 15. Usiruke zaidi ya hapo kwa mara moja, kwani mbele ikiwa ngumu mno gurudumu hurukaruka kwenye kokoto.

Kukata springi kunafanya kazi, ila kuna hesabu yake. Ukipunguza mizunguko 5 kwenye ile 60, ugumu unapanda asilimia 9. Urefu ulioondoa urudishe kwa kipande cha bomba gumu la plastiki chenye wosha ya chuma kati yake na springi. Kata kwa grainda, polepole, ukipoza kwa maji; moto wa gesi huua ugumu wa chuma. Sawazisha ncha na uielekeze juu, kwenye wosha.

Kabla ya kufunga, hesabu jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: mizunguko yote mara unene wa waya, jumlisha mwendo wa shokapu, jumlisha mbano wa mwanzo. Jumla iwe pungufu ya urefu wa springi ikiwa huru. Springi ya milimita 400 yenye mizunguko 62 ya waya wa 4 inahitaji 248, na 120 za mwendo, yaani 368. Zinabaki 32 za mbano wa mwanzo na akiba. Ukikata 5, zinabaki kama 20 tu. Zikiisha, mizunguko inagusana kabla shokapu haijamaliza mwendo, na kishindo kinaenda moja kwa moja kwenye bomba na bano.

Hatua ya 6: Oili

Mwaga ya zamani yote, weka kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Springi ikiwa nje na shokapu imeshuka hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa bomba hadi juu ya oili, pande zote mbili zilingane. Hewa iliyobaki nayo ni springi: ukipandisha oili, shokapu hukaza zaidi mwishoni. Ila ukizidisha, presha itasukuma sili nje.

Hatua ya 7: Jaribu

Funga kila kitu, rudia vipimo vya hatua ya 2, rekebisha mbano kwa kipande cha bomba. Kisha funga kamba ya plastiki kwenye bomba linaloteleza, isukume hadi kwenye sili, uende barabara unayoijua. Shika breki kwa nguvu mara kadhaa, pita matuta. Kamba itabaki pale shokapu ilipofika mwisho. Ikifika kwenye kikomo kila safari, pandisha oili milimita 10, ujaribu tena. Ikiwa theluthi ya mwendo haiguswi kabisa hata kwenye mashimo, springi ni ngumu mno au oili iko juu mno. Anza kwa kupunguza oili.