Kupiga filamu Kigoma kwa fedha za umma: anza na karatasi za nyumbani

Ndugu mliotoka Kigoma, Kasulu au kambi ya Nyarugusu na sasa mnaishi Toronto, Berlin au Oslo: hadithi mnazo, na fedha za umma za filamu, televisheni na kazi za mtandaoni zipo. Wengi tunakwama kwa sababu tunaomba kama mtu mmoja mwenye ndoto, wakati fedha hizi hupewa anayeweza kutoa hesabu. Nimeshaandika maombi kadhaa ya dokumentari kuhusu wavuvi wa Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Angalia kwanza hadhi yako ya ukaazi, kabla hata ya kugusa skripti. Canada Council for the Arts, baraza la sanaa la taifa la Kanada, hupokea maombi ya raia na wakaazi wa kudumu. Mkimbizi aliyepelekwa Kanada kwa mpango wa makazi mapya hupata ukaazi wa kudumu anapotua, kwa hiyo kijana aliyekulia Nyarugusu hahitaji kusubiri uraia. Ukitaka Telefilm Canada kwa sinema, au Canada Media Fund kwa televisheni na kazi za kidijitali, hapo utahitaji kampuni. Marekani mambo yamekuwa magumu: Julai 2025 Bunge liliondoa dola bilioni 1.1 za CPB, shirika lililokuwa likipitisha fedha za serikali kwenda televisheni na redio za umma. Ukiwa huko, nakushauri uanze na baraza la sanaa la jimbo lako.

Ulaya ndiko naona nafasi yetu kubwa. World Cinema Fund ya Ujerumani, iliyoanza 2004, inataka mshirika wa Kijerumani, na fedha zake zitumike kwenye ukanda unakotoka mwongozaji. Mfuko wa Sørfond wa Norwei unataka mtayarishaji mwenza wa Kinorwei. Aide aux cinémas du monde ya Ufaransa, iliyo chini ya CNC, taasisi ya filamu ya nchi hiyo, na Institut français, taasisi yake ya utamaduni, inataka mtayarishaji mwenza Mfaransa. Mwenzetu aliyebaki Kigoma anahangaika miaka kumtafuta mtu huyo, na mtu huyo anaweza kuwa wewe uliye Berlin. Sajili kampuni huko unakoishi. Mwenzako naye asajili yake BRELA, wakala wa usajili wa biashara, achukue TIN, namba ya mlipakodi, kutoka mamlaka ya mapato TRA, na ajiandikishe Bodi ya Filamu Tanzania. Andikianeni mkataba: nani ana haki zipi, nani anashika akaunti. Msiogope kuandikiana kwa sababu ni ndugu.

Kila mfuko wa umma unauliza swali moja kwa namna yake: kwa nini walipakodi wetu walipie hili? Kigoma ina majibu mengi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa kwa vipande, ikashushwa ziwani Tanganyika mwaka 1915. Ukiomba Ujerumani, aya hiyo moja ina uzito kuliko kurasa tatu za kusifia machweo ya ziwa. Anayeomba Uingereza anayo Ujiji, mji wa kale wa Kigoma, mahali mwanahabari Stanley alipomkuta mmisionari wa Uskoti, Livingstone, mwaka 1871. Ila usimfanye mgeni kuwa shujaa wa hadithi yetu ili tu upate fedha. Mfanye awe mlango, kisha waingize watu wa Ujiji wenyewe.

Ombi langu la kwanza liliangushwa na karatasi moja. Niliandika habari za mjomba aliyefanya kazi melini, na sikuwa na maandishi yake ya kuniruhusu. Niliporudi Mwanga, pale Kigoma mjini, na fomu, aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote, kisha akaniuliza, "Mjomba, hadithi nimekupa, na sahihi nayo unaitaka?" Nikamwambia, "Ndiyo mjomba, ili asije mwingine akaichukua." Akaomba kalamu. Fomu iwe kwa Kiswahili, na iseme wazi atalipwa nini.

Vibali vinachukua muda, viombe mapema. Kibali cha Bodi ya Filamu ndicho cha kwanza. Kama ulishachukua pasipoti ya nchi nyingine, Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo utaomba kama mgeni. Gombe na Mahale, hifadhi za sokwe, ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kupiga picha ndani ya kambi ya wakimbizi kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Droni ina kibali chake, kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kisha mpitie Afisa Utamaduni wa halmashauri na serikali ya mtaa. Barua zao ziambatishe kwenye ombi, maana zinaonyesha kwamba wenyeji wanakujua.

Ratiba ndiyo inayomfichua asiyeijua Kigoma. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa taa ndizo zinazowavuta samaki. Siku za mbalamwezi boti zinatulia ufukweni na nyavu zinashonwa. Ukipanga usiku wa uvuvi kwenye mwezi mpevu, umelipa wapiga picha wakae bure. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ndiyo miezi ya kiangazi ambayo sisi tulio nje hupenda kuja. Uliza ofisi ya uvuvi kabla hujaandika tarehe yoyote kwenye bajeti.

Halafu risiti. Mama anayeanika dagaa hana EFD, mashine ya risiti za kodi, na mkaguzi wa Ulaya hataki kusikia hivyo. Chapisha hati za malipo zenye jina, kazi iliyofanyika, kiasi kwa shilingi, tarehe, namba ya simu na nafasi ya sahihi au dole gumba. Jaza papo hapo, mtu akiwa mbele yako. Lipa kwa simu inapowezekana, tunza ujumbe, na jioni ileile ipige picha kila hati kabla mvua au mafuta ya mawese hayajaifikia.

Kwa mwenzako wa nyumbani, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo. Mkopo unalipwa, hivyo autumie kwa kamera au taa zitakazokodishwa baadaye, asiutumie kwa posho za filamu ambayo bado haijapata mnunuzi.

Omba kwanza fedha za maandalizi: utafiti, skripti, safari moja ya kutazama maeneo. Ni kiasi kidogo na zinakujengea jina la mtu anayemaliza kazi. Zile kubwa za uzalishaji hutolewa kwa awamu, na awamu ya mwisho mara nyingi huja baada ya filamu na hesabu kukabidhiwa. Mwenye boti wa Kibirizi hasubiri awamu ya mwisho. Malipo yake yatoe kwenye awamu ya kwanza.